Sura ya Saba: Sare Iliyokuwa Ushindi

Mchezo wa mashindano kati ya wachezaji wawili wa ridhaa, yaani watu wanaocheza sataranji kwa kuipenda na si kwa kujipatia riziki, hudhaniwa mara nyingi kuwa huamuliwa katika hatua za mwanzo, pale kila mmoja anapoonyesha mbinu za ufunguzi alizozikariri. Ukifuatwa hadi mwisho, hata hivyo, huonekana kwamba pointi nyingi za vilabuni hupotea baadaye sana, katika saa ya tatu au ya nne, wakati kete zimebaki chache, macho yamechoka, na wachezaji wote wawili wamekwisha kuamini kwamba wanajua mambo yatakavyokwisha. Imani hiyo ndiyo inayochunguzwa katika sura hii, kwa sababu katika sataranji hakuna kinachowapotosha wachezaji wa vilabu kama nafasi iliyo rahisi kiasi cha kumfanya mtu aone kuwa haina haja ya kuhesabiwa.

Mfano unaofaa kuliko yote ulianzia London mwaka 1875, ukalala kwa miaka 20, kisha ukaamshwa katika gazeti la Glasgow na mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Kete zake ni nne tu, na wafalme wawili ni sehemu ya idadi hiyo, kwa hiyo hata msomaji ambaye hajawahi kushika kete anaweza kuufuata mfano huu akifahamu kanuni chache. Ubao wa sataranji una miraba 64. Safu zake za wima hupewa herufi kuanzia a hadi h, na mistari ya mlalo hupewa namba kuanzia 1 hadi 8, hivyo mraba wa b6 ni ule ambapo safu ya b inakutana na mstari wa 6. Pande mbili zinazocheza zitaitwa Nyeupe na Nyeusi. Mfalme huenda mraba mmoja upande wowote, lakini haruhusiwi kuingia katika mraba unaoshambuliwa. Ngome hukimbia kwa wima au kwa mlalo, umbali wowote, mradi njia iwe wazi. Askari, kete ndogo kuliko zote, hupiga hatua kwenda mbele tu, hula kwa mshazari, na akifika mstari wa mwisho hupandishwa cheo, kama kete ya drafti inavyogeuka kingi. Tofauti ni kwamba katika sataranji mchezaji huchagua cheo chenyewe: malkia, ngome, askofu au farasi.

Yamebaki maneno matatu. Mfalme anaposhambuliwa husemwa kuwa yuko katika cheki, na mwenye mfalme huyo hana budi kuiondoa cheki hiyo papo hapo. Akikosa njia ya kuiondoa amepigwa mati, na mchezo umekwisha. Lakini ikiwa zamu ni ya mchezaji ambaye mfalme wake hayuko katika cheki, naye hana hatua yoyote halali, hapo pana mkwamo, na mkwamo ni sare, hata kama mpinzani ana kete za kutosha kujaza nusu ya ubao. Kanuni hii ya mkwamo huwaudhi wanaojifunza, kwa kuwa inaonekana kumtuza aliyekwisha kushindwa, ila bila hiyo sehemu kubwa ya sayansi ya mwisho wa mchezo isingekuwapo, na kisa kinachosimuliwa hapa kingekwisha mapema sana.

Mwaka 1875 Richard Fenton na William Potter, wote wawili watu wa vilabu vya London, walikutana katika pambano. Potter ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Pamoja na Wilhelm Steinitz, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa kwanza wa dunia, alikuwa ameiongoza klabu ya City of London katika mchezo maarufu wa kuandikiana barua dhidi ya Vienna, uliodumu kuanzia 1872 hadi 1874, na ndiye pia aliyehariri jarida la City of London Chess Magazine. Ulikuwa wakati ambapo saa pacha ya sataranji, ile yenye nyuso mbili ambayo mchezaji huibonyeza akimaliza hatua yake ili muda wa mpinzani uanze kukatika, ilikuwa bado haijaingia mashindanoni. Saa ya namna hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya London mwaka 1883, na kabla yake watu walitegemea saa za mchanga, saa za kawaida au uungwana wa mpinzani. Katika mmojawapo wa michezo yao Fenton alifika mwisho akiwa na askari aliyekaribia kupanda cheo, Potter akiwa na ngome ya kumzuia, na wawili hao wakakubaliana sare.

Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Ngome ni kete nzito, askari ni kete nyepesi, na uzoefu wa kila siku unafundisha kwamba ngome iliyo huru itampata askari aliye peke yake, au angalau itajitoa mhanga kwa ajili yake, wabaki wafalme wawili watupu. Johannes Zukertort, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa zama zile, hakuridhika na uzoefu huo. Alionyesha kwamba Fenton alikuwa na ushindi mkononi, na maelezo yake yalichapishwa mwaka huohuo katika City of London Chess Magazine, yaani katika jarida lililohaririwa na Potter mwenyewe, mtu aliyeponea chupuchupu katika mchezo huo. Njia aliyoionyesha Zukertort haikuwa ngeni pia, kwa kuwa Josef Kling na Bernhard Horwitz walikuwa wamekwisha kuichapisha mwaka 1853. Kwa maneno mengine, wachezaji wawili wenye ujuzi walikubaliana sare katika nafasi ambayo jibu lake lilikuwa limekaa katika maandishi kwa zaidi ya miaka 20.

Njia hiyo inastahili kufuatwa polepole. Mfalme mweupe yuko b6, askari wake yuko c7, amebakiza hatua moja tu kufika c8. Ngome nyeusi iko d5, na mfalme mweusi yuko mbali, upande wa pili wa ubao, hawezi kusaidia. Zamu ni ya Nyeusi. Ngome haiwezi kuingia c5, kwa sababu mfalme ataila, wala haiwezi kwenda d8 kumsubiri askari, kwa sababu askari ataila kwa mshazari na kupanda cheo palepale. Iliyobaki ni kutoa cheki kutoka d6, na swali la Nyeupe ni mfalme akimbilie wapi.

Akienda c5, jambo ambalo mkono wa mchezaji wa klabu hulifanya wenyewe kwa kuwa mfalme anaonekana kuisogelea ngome, ngome hurudi hadi d1, na Nyeupe ikishampata malkia wake c8, cheki ya c1 humlazimisha mfalme kutoka katika safu ya c, na malkia aliyekuwa nyuma yake katika safu hiyohiyo huliwa. Akienda b7, ngome inaingia d7, na askari hawezi tena kusogea, kwa kuwa akisogea atamwacha mfalme wake wazi mbele ya ngome. Katika hatua inayofuata ngome itamla askari, mfalme ataila ngome, na watabaki wafalme wawili. Akikimbilia safu ya a, ngome inakaa c6 na askari hana pa kuponea. Mraba unaofaa ni mmoja tu, b5, kwa maana hapo mfalme hayumo katika safu ya c ambamo mtego umetegwa, na wakati huohuo anailinda c6 isiingiliwe. Ngome inatoa cheki nyingine kutoka d5, mfalme anashuka b4. Cheki kutoka d4, mfalme yuko b3. Cheki kutoka d3, na sasa, baada ya kuikwepa safu ya c hatua kwa hatua, mfalme anaingia c2 bila hofu, kwa sababu kutoka hapo anailinda c1, anailinda d1, anailinda d2, na ngome yenyewe iliyoko d3 anaishambulia. Cheki zimekwisha. Ndani ya hatua chache mfalme ameshuka ngazi nzima ya ubao akikimbizwa, na kila alipokimbia alikuwa akiinyang'anya ngome mraba mmoja wa kutegea.

Mtu anayeuona mpango huu kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba haukuwa na hila yoyote. Hapakuwa na kete iliyotolewa kafara, hapakuwa na shambulio, ni hesabu tu ya miraba mitano au sita inayofanywa mara nne mfululizo. Wachezaji wa ridhaa hawashindwi kuhesabu hivyo. Wanachoshindwa ni kuanza kuhesabu, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosemwa katika vitabu vingi vya mafunzo, ambavyo humwongezea mwanafunzi maarifa bila kumwambia ni lini ayatumie.

Potter alifariki mwaka 1895, na kifo chake ndicho kilichourudisha mchezo ule wa zamani mezani. Georges Emile Barbier, Mfaransa aliyeishi Glasgow na aliyeandika safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen, alichapisha mwishoni mwa Aprili nafasi aliyodai kuwa ilitokea kati ya Fenton na Potter. Kumbukumbu yake ilikuwa na kasoro, kwani nafasi aliyoichora haikuwa ileile iliyochezwa, bali ilikuwa nafasi iliyosafishwa hadi kete nne zilizoelezwa hapo juu, na jibu alilolitoa lilikuwa lile la Zukertort. Kisha Barbier akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema kabla yake. Mfalme mweusi akihamishiwa a1, pembeni kabisa mwa ubao, Nyeusi inapata njia ya kuponea, na kwa hiyo chemshabongo ileile inaweza kugeuzwa kuwa ya Nyeusi kuanza na kupata sare.

Ugunduzi wa Barbier ni mzuri, na haufai kupitwa haraka kwa sababu tu mwisho wake haukuwa wa heri. Mambo yote yanakwenda kama kwanza hadi mfalme mweupe anapofika c2. Hapo ngome, badala ya kukubali kwamba cheki zimekwisha, inarudi d4 kimyakimya. Nyeupe inampandisha askari wake kuwa malkia huko c8, na ngome inaruka hadi c4 kutoa cheki. Malkia asipoila ngome ataliwa yeye, kwa kuwa wako katika safu moja. Akiila, yuko c4, na kutoka hapo anaushika mraba wa a2 kwa mshazari, huku mfalme mweupe wa c2 akiishika b1 na b2. Mfalme mweusi wa a1 hayuko katika cheki, hana mraba wa kwenda, na hana kete nyingine ya kusogeza. Huo ni mkwamo, na mkwamo ni sare. Mfalme mweusi angekuwa mbali kama alivyokuwa mwanzoni, hila hii isingekuwa na maana, maana angekuwa na miraba tele ya kutembea. Pembe ya ubao, ambayo kwa kawaida ni kaburi la mfalme, ndiyo inayomwokoa.

Barbier aliichapisha nafasi hiyo kama kazi iliyokamilika. Miongoni mwa wasomaji wake alikuwamo Fernando Saavedra, padri wa Kikatoliki mzaliwa wa Seville, Uhispania, aliyekuwa akiishi Glasgow wakati ule. Saavedra alikuwa mchezaji wa ridhaa kwa maana zote mbili za neno hilo, hakulipwa na wala hakusifika kwa umahiri, na nje ya tukio hili hakuacha chochote kinachokumbukwa katika historia ya mchezo. Alisema kwamba Nyeupe inashinda, na mwezi Mei haujaisha Barbier alikuwa ameichapisha hoja yake katika safu ileile.

Hoja yenyewe ni kwamba askari anapofika c8 asiwe malkia, awe ngome. Malkia huhesabiwa kuwa na thamani ya askari tisa na ngome ya askari watano, na kila kinachofanywa na ngome malkia hukifanya pia, kwa hiyo kuchagua ngome huonekana kama kukataa mali ya bure. Lakini kilicholeta mkwamo ni kile hasa ambacho malkia anacho na ngome haina, yaani uwezo wa kwenda mshazari. Ngome nyeusi ikitoa cheki kutoka c4 na ngome nyeupe ikiila, mraba wa a2 uko wazi, mfalme mweusi analazimika kwenda huko, na ngome nyeupe ikihamia a4 ni mati. Hesabu haikomei hapo, kwani ngome nyeupe iliyoko c8 inatishia pia kwenda a8, ambako mfalme mweusi ataishiwa na njia katika safu ya a. Nyeusi ina kinga moja tu inayoweza kuitwa kinga, nayo ni kuileta ngome yake a4. Hapo mfalme mweupe anasogea b3, na kwa hatua hiyo moja anaishambulia ngome ya a4 na kufungua mati ya c1. Nyeusi haiwezi kuzuia yote mawili. Ikiiokoa ngome inapigwa mati, na ikizuia mati inapoteza ngome, kisha inabaki na mfalme mtupu dhidi ya mfalme na ngome, mwisho ambao mchezaji yeyote wa klabu anapaswa kuujua.

Sura yote ya nafasi hii inabadilika hapa. Kling na Horwitz walijua kushuka kwa mfalme, Zukertort akakuonyesha tena, Barbier akaona mkwamo, na kila mmoja wao alikuwa na nguvu za mchezo kuliko padri wa Glasgow. Hata hivyo wote walikuwa wamechukua neno moja bila kulipima, kwamba askari akifika mwisho anakuwa malkia. Wachezaji hodari huwa na desturi zaidi kuliko wachezaji dhaifu, maana umahiri wenyewe kwa sehemu kubwa ni desturi iliyolundikwa, na desturi ndiyo inayowawezesha kutazama ubao na kutupilia mbali hatua kumi zisizofaa kwa kupepesa jicho. Pengine Saavedra aliiona ngome kwa sababu hakuwa na kasi hiyo ya kutupilia mbali. Haiwezi kuthibitishwa, ila ni maelezo yanayopatana na ukweli kuliko ile hekaya ya kipaji kilichojificha ambayo wapenzi wa sataranji hupenda kuisimulia.

Jambo hili lina uhusiano wa karibu na jinsi wachezaji wanavyopimwa leo. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, limetumia tangu 1970 kipimo kilichobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia nchini Marekani mwenye asili ya Hungaria, ambacho humpa kila mchezaji namba kutokana na matokeo yake. Tofauti ya pointi 200 kati ya wachezaji wawili humaanisha kwamba mwenye namba kubwa anatazamiwa kupata takribani robo tatu ya pointi zote wakicheza mara nyingi. Ni kipimo chenye manufaa makubwa kwa waandaaji wa mashindano. Lakini ni kipimo cha wastani, na wastani hausemi lolote kuhusu nafasi moja siku moja, jambo ambalo wachezaji wa vilabu husahau wanapoitazama namba ya mpinzani ukutani kabla ya kuutazama ubao, kisha wakakubali sare inayotolewa na mkubwa wao kana kwamba ni zawadi.

Kanuni za mashindano zinaipa sare hiyo utaratibu wake. Mchezaji hutakiwa kwanza kufanya hatua yake ubaoni, kisha kutamka kwamba anatoa sare, kisha kubonyeza saa. Ombi hilo haliwezi kuondolewa, linabaki halali hadi mpinzani alikubali, alikatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kucheza. Maana yake ni kwamba aliyepewa sare ana haki ya kufikiri kwa muda wake wote uliobaki. Katika mchezo wa dakika 90 zenye nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, mchezaji aliyebakiwa na dakika sita anaweza kuzitumia tano kuhesabu kama mfalme wake ataweza kushuka ngazi ya safu ya b, na hakuna mwamuzi atakayemkaripia. Wengi hawafanyi hivyo. Mkono wa mpinzani umekwisha kunyooshwa juu ya ubao, na adabu ya kawaida inamfanya mtu aupokee.

Nafasi yenyewe iliendelea kusafiri. Mwaka 1902 Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliichapisha upya katika gazeti la Brooklyn akiwa amemrudisha askari kutoka c7 hadi c6, ili Nyeupe ndiyo ianze na kushinda, na kwa sura hiyo ndiyo inayopatikana katika vitabu hadi sasa, ikiitwa kwa jina la Saavedra na si la Barbier, Fenton wala Potter. Saavedra alifariki Dublin mwaka 1922. Kompyuta, ambazo tangu 2012 zina majibu kamili ya nafasi za kete saba au pungufu kutokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Moscow, huithibitisha hatua yake mara moja, na hazioni ajabu yoyote ndani yake, kwa kuwa hazina desturi ya kuvunja.

Katika kumbi za vilabu ajali ya kinyume ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Askari anafika mstari wa mwisho, saa inakimbia, malkia wa ziada haonekani mezani, na mchezaji ananyakua ngome iliyokwisha kuliwa, anaipindua kichwa chini na kuiweka mahali pa askari, akiamini kwamba kila mtu anaelewa kuwa huyo ni malkia. Mchezoni nyumbani hakuna tatizo. Mashindanoni mwamuzi huihesabu kete hiyo kuwa ngome, kama ilivyoamuliwa mwaka 2017 katika mchezo wa haraka wa kutafuta mshindi wa ubingwa wa Kanada, na mchezaji aliyekusudia malkia hulazimika kuendelea na kilichopo ubaoni. Utaratibu sahihi ni kusimamisha saa na kumwomba mwamuzi alete malkia. Asiyefanya hivyo kwa kawaida hupoteza mchezo aliokuwa ameushinda, isipokuwa mfalme wa mpinzani awe a1, wa kwake awe c2, na ngome nyeusi iwe inamsubiri pale d4.